Paneli Haina Kibla

Miaka michache iliyopita, katikati ya mwezi Juni, mama alinipigia simu kutoka kijijini kwetu, tarafa ya Rulenge wilayani Ngara, kunieleza kwamba taa zinazimika saa tatu usiku. Nilikuwa nimemfungia mfumo wa sola Desemba iliyotangulia: paneli moja ya wati 100, betri, kidhibiti chaji na taa nne. Kwa miezi yote ya mwanzo haukuwa na tatizo. Nikampa majibu ambayo msomi hutoa anapokuwa mbali na tatizo. Pengine betri imechoka. Pengine wajukuu wanachaji simu za kijiji kizima. Pengine paneli ina vumbi, aagize ifutwe. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa utulivu: "Mwanangu, hilo dude mmelielekeza Kakonko, na jua siku hizi linapita Rusumo."

Kwa wasioijua ramani ya kwetu, Kakonko ipo kusini, mkoani Kigoma, na Rusumo ipo kaskazini, penye daraja la kuvukia Rwanda. Mama hana cheti cha kitu chochote. Ila kwa zaidi ya miaka hamsini ameanika kahawa kila Juni, na anajua kwamba Juni huwezi kuanika kahawa ukutani upande wa kusini, kwa sababu nyumba yenyewe inamwaga kivuli huko mchana. Ikifika Januari, wakati wa kuanika maharage, mambo hugeuka: kivuli huhamia kaskazini na maharage huanikwa kusini. Mwanawe mwenye shahada ya uzamivu alikulia katika ua huohuo, akaichezea kahawa hiyohiyo, akaenda kusoma, na fundi alipomuuliza "tuielekeze wapi?" akajibu: "Fuata karatasi iliyokuja na boksi."

Karatasi ilisema kusini, mwinamo wa nyuzi 35. Haikusema uongo. Ilisema ukweli wa mahali pengine. Mtu aliyepo Berlin, kwenye nyuzi 52 kaskazini mwa ikweta, hulitazama jua la mchana upande wa kusini mwaka mzima, tena likiwa chini. Kwake yeye kuinamisha paneli namna hiyo ni busara kabisa. Sisi tulichukua busara yake tukaipigilia misumari juu ya bati la Rulenge.

Tufanye hesabu, maana hasira bila hesabu ni kelele. Ngara mjini ipo takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, Biharamulo mjini nyuzi 2.6 hivi. Tarehe 21 Juni jua la mchana kwetu hupita nyuzi 26 upande wa kaskazini wa utosi. Tarehe 21 Desemba hupita nyuzi 21 upande wa kusini. Hupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 14 Machi, na karibu na tarehe 29 Septemba. Maana yake ni kwamba kwa takriban miezi sita na nusu, kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, jua la Ngara na Biharamulo lipo kaskazini, na kwa miezi mitano na nusu iliyobaki lipo kusini.

Sasa iweke paneli ya mama katika hesabu hiyo. Ikiwa imeinama nyuzi 35 kuelekea kusini, mwanga wa moja kwa moja wa jua la mchana wa Juni unaipiga kwa ubavu, katika pembe ya nyuzi 61, na kinachopokelewa ni chini ya nusu ya kile ambacho ingepokea kama ingelitazama jua ana kwa ana. Paneli hiyohiyo ikilazwa chali kabisa ingepokea asilimia 90. Ikiinamishwa nyuzi 10 tu kuelekea kaskazini ingepokea asilimia 96. Mwezi Desemba, nilipoifunga, karatasi ya Ulaya ilinipa asilimia 97, na ndiyo maana niliondoka kijijini nikijiona fundi. Kosa lilikuwa limelala darini likisubiri Juni.

Naomba nieleweke hapa, kwa kuwa najua wapo watakaosoma mpaka hapo waende kutangaza kwamba "Daktari amesema paneli zote zitazame kaskazini". Hiyo nayo ni karatasi nyingine. Nimekutana na mafundi, na hata wahandisi, wanaoirudia kama kiitikio: tupo kizio cha kusini, kwa hiyo kaskazini. Kanuni hiyo ni ya mtu wa Johannesburg, aliyeko nyuzi 26 kusini, ambaye jua lake la mchana halivuki kwenda upande wa pili hata siku moja. Sisi tupo mlangoni pa ikweta. Kizio chetu ni jina tu. Mtu akichukua kanuni ya Johannesburg pamoja na mwinamo wake, akainamisha paneli nyuzi 30 kuelekea kaskazini juu ya nyumba ya Nyakahura, basi atakuwa amefanya kosa langu akiwa amegeuza uso. Atakuja kulilia mwezi Desemba.

Hapo ndipo ninaposema paneli haina kibla. Mwislamu wa Ngara anajua anaelekea wapi mwaka mzima, kwani Makka ipo kaskazini ikiegemea mashariki kwa takriban nyuzi 20, na haihami. (Fundi aliyepotelewa na dira anaweza kuangalia mihrabu ya msikiti wa jirani, hatakosea sana.) Paneli ya Ngara ina mabwana wawili wanaopokezana, na jibu la haki ni kuilaza karibu chali, mwinamo wa nyuzi 10 hivi, ili tu mvua iisafishe na maji yasituame juu ya kioo. Mwinamo ukiwa mdogo kiasi hicho, tofauti ya mwaka mzima kati ya kuitazamisha kaskazini na kuitazamisha kusini ni asilimia chache. Napendelea kaskazini kwa sababu moja: Juni, Julai na Agosti ni kiangazi chetu, anga ni jeupe, na jua ambalo halina wingu la kulizuia lipo upande huo. Wakati wa mvua mwanga hutoka katika anga zima, mawingu yakiutawanya, na paneli iliyolala hupokea zaidi kuliko iliyosimama, itazame popote itakapotazama.

Vipi kama mgongo wa paa unakwenda kaskazini kusini, na bati linatazama mashariki na magharibi? Hapana haja ya kubomoa wala kuchomelea fremu ya gharama. Paa la kawaida la nyumba ya kijijini lina mteremko mdogo. Ilaze paneli juu yake, ikiachiwa nafasi ya hewa chini, kwa maana paneli ikipata joto hupunguza umeme. Uchaguzi wa mashariki au magharibi wamuulize mwenye nyumba. Kama ukungu wa bonde la Ruvubu hukaa kwake mpaka saa nne asubuhi, achukue magharibi. Kama mawingu ya alasiri ndiyo adui yake, achukue mashariki. Hakuna karatasi inayoweza kujibu swali hilo, wala mtu wa Dar es Salaam.

Niliyoyasema mpaka hapa hayahitaji uhandisi, nami si mhandisi. Ni jiografia ya kidato cha kwanza na cha pili. Hapa ndipo hasira yangu inapoanza hasa.

Kila mwanafunzi wa sekondari wa Rulenge, wa Kabanga, wa Nyakanazi, amekaririshwa mzunguko wa dunia kulizunguka jua. Ameandika, kwa Kiingereza, kwamba tarehe 21 Juni jua huwa utosini katika Tropiki ya Kansa na tarehe 22 Desemba katika Tropiki ya Kaprikoni. Amechora mchoro wenye duara nne. Amepata alama zake. Kisha amerudi nyumbani, akawasha taa inayokufa saa tatu usiku chini ya paneli inayotazama Kakonko, na hakuna hata siku moja ambayo mambo hayo mawili yamekutana kichwani mwake. Simlaumu. Hayakukutana kichwani mwangu pia, na mimi nalipwa mshahara kwa kufikiri. Mama aliyakutanisha kwa sababu elimu yake ya jua ilikuja katika lugha yake, ikiwa na kazi ya kufanya, yaani kukausha kahawa. Yetu ilikuja katika lugha ya mtihani na kazi yake ilikwisha mtihani ulipokwisha.

Mwalimu Nyerere aliandika "Elimu ya Kujitegemea" mwaka 1967, na kila mwaka sisi wahadhiri tunaiweka katika orodha ya kusomwa na wanafunzi wanaijibu vizuri sana kwenye mitihani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote za elimu. Ngazi ya jiografia ya kidato cha pili bado inasubiri. Na sisi wa vyuo vikuu tusijifiche nyuma ya Wizara: ni mara ngapi mazoezi tunayowapa wanafunzi yanamtaka kijana wa Biharamulo akokotoe mwinamo wa paneli katika jiji la Ulaya, kwa sababu tu kitabu kiliandikwa huko na mhadhiri alikuwa mvivu wa kubadilisha namba?

Kuna jambo dogo linaloonyesha kina cha kukopa huku, nalo ni saa. Mtu akitaka kujua kaskazini ya kweli bila dira huchomeka mti ulionyooka na kusubiri kivuli kifupi kuliko vyote. Mstari wa kivuli hicho ndio mstari wa kaskazini na kusini. Mafundi wengi huambiwa wafanye hivyo "saa sita mchana". Ngara, saa sita mchana si adhuhuri. Saa ya Tanzania imepimwa kwa longitudo 45, mstari ambao haupiti katika nchi yetu kabisa, unapita karibu na Mogadishu. Ngara ipo kwenye longitudo 30.6 hivi. Jua letu huchelewa saa hiyo kwa takriban dakika 57, na kwa Biharamulo takriban dakika 55. Adhuhuri ya kweli ni kama saa saba, ikisogea mbele au nyuma kwa robo saa kulingana na mwezi. Atakayechora mstari wake saa sita kamili mwezi Juni atakosea kwa zaidi ya nyuzi 25. Atakayeuchora mwishoni mwa Septemba atapata kivuli kinachoelekea magharibi, naye ataapa kwamba ndiko kusini. Vuka daraja la Rusumo uingie Rwanda, saa inarudi nyuma saa nzima na adhuhuri ya jua inakaribiana na ya ukutani. Jua ni lilelile, mto ni uleule wa Kagera. Wala siombi tubadilishe saa ya taifa. Naomba mtu anayemfundisha fundi wa Ngara ajue kwamba Ngara siyo Mogadishu. Na asimwambie atumie dira ya simu akiwa juu ya paa. Bati la chuma huipotosha.

Rafiki yangu mmoja mhandisi, baada ya kunisikia nikiyasema haya kwa mara ya tatu, aliniambia nipunguze jazba: "Mwelekeo ni asilimia chache tu, Daktari. Sola za vijijini haziuawi na mwelekeo." Ana haki nusu. Mwelekeo ni asilimia chache ikiwa mwinamo ni mdogo; ukishaikuza fremu kufikia nyuzi 30 au 35, asilimia chache zinageuka nusu ya umeme. Lakini nusu ya pili ya haki yake ni nzito, na lazima niikubali.

Muuaji mkubwa ni kivuli. Paneli ya kawaida ya mfumo wa volti 12 ina seli 36 zilizounganishwa kwa mfululizo, kama watu waliopanga mstari kupitishiana ndoo za maji. Mmoja akisinzia, ndoo zinakwama kwa wote. Jani moja la mgomba likiangukia seli chache, umeme unaopotea ni mkubwa kuliko eneo lililofunikwa. Na katika nchi ya migomba, miparachichi na miembe, nyumba isiyo na kivuli saa fulani ya mchana ni adimu. Muuaji wa pili ni waya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ukivutwa mita 10 kutoka darini hadi kwenye betri huku ukipitisha ampea 5, hupoteza takriban volti 1.2. Katika mfumo wa volti 12 hiyo ni asilimia 10, imekwenda kupasha joto ukuta. Fundi aliyeokoa shilingi elfu chache kwenye waya amekuibia zaidi ya fundi aliyekosea kati ya kaskazini na kusini. Muuaji wa tatu ni betri ya gari iliyouzwa kama betri ya sola, ikakamuliwa kila usiku mpaka tone la mwisho, ikafa kabla ya mwaka. Haya yote mwananchi huyalipia sawasawa na anayelipa kwa kitu kizima. Wengi siku hizi hulipa kidogo kidogo kwa simu, na deni halijui kama taa iliwaka.

Basi kwa nini ning'ang'anie mwelekeo? Kwa sababu mwelekeo unaonekana. Kivuli huhama, waya umejificha kwenye dari, betri imefungwa ndani ya boksi. Lakini mwelekeo wa paneli unasomeka kutoka barabarani na mtu yeyote apitaye. Ni ushahidi ulioachwa hadharani kwamba aliyeifunga alifikiri au hakufikiri. Tazameni taa za barabarani za sola katika miji yetu midogo: barabara ikikata kona, paneli nazo zinakata kona. Upande mmoja zinatazama kaskazini, ng'ambo ya barabara zinatazama kusini, kwa mwinamo mkali uleule, kwa sababu nguzo zilisimikwa ili taa imulike lami na paneli ikafuata taa. Taa hizo haziwezi kuwa sahihi zote kwa wakati mmoja. Mkandarasi alilipwa kwa zote.

Nimewahi kuingia katika zahanati moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa muuguzi aliyenipokea bado yupo kazini. Ilikuwa na paneli nzuri kuliko ya mama, fremu imara, nanga za zege. Ilikuwa pia na mwembe. Mwaka mfumo ulipofungwa, huenda mwembe ulikuwa mdogo. Nilipofika mimi, kuanzia saa nane mchana kivuli chake kilikuwa kimekwishafunika kona ya chini ya paneli. Muuguzi alinieleza kwamba mama mjamzito akija usiku, tochi ya simu hushikwa na ndugu wa mgonjwa, na kama ndugu anaogopa damu, muuguzi huishika kwa meno. Nikauliza kwa nini mwembe haukatwi matawi. Ukaguzi, akasema, huja na orodha: paneli ipo, betri ipo, taa zipo. Mwembe haumo katika orodha.

Ndugu zangu watumishi wa umma mnaosoma hapa, hili ni lenu. Nyaraka za zabuni nilizowahi kuzisoma kuhusu sola katika majengo ya umma zinataja wati, idadi, dhamana na muda wa kukamilisha. Sikuona mahali palipoandikwa paneli itazame wapi, iiname kiasi gani, nani atapima kivuli na mwezi gani, waya uwe mnene kiasi gani kwa urefu gani. Tunanunua vitu, hatununui mwanga. Kisha mfumo ukifa, ripoti huandikwa kwamba "wananchi hawana utamaduni wa kutunza miundombinu". Wananchi hao hao wametunza vibuyu vya bibi zao.

Wapo pia wanaoniambia mjadala huu umepitwa na wakati, gridi imefika. Nafurahi kwamba imefika. Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, umefanya kazi ambayo watu wa umri wangu waliokulia kwenye kibatari hawawezi kuidharau. Katika maporomoko ya Rusumo, palepale wilayani Ngara mpakani, umejengwa mtambo wa megawati 80 wa nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia ya umeme ya kilovolti 220 inatoka huko hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Lakini njia kubwa ya umeme ni kama ndege: hupita juu ya watu wengi ambao haitatua kwao. Kijiji kuhesabiwa kuwa kimefikiwa na nyumba ya mwisho kitongojini kuwa na taa ni mambo mawili, na kati ya mambo hayo mawili kuna nguzo, gharama na miaka. Katika miaka hiyo watoto husoma. Wengine husoma umbali mfupi tu kutoka Kabanga, penye nikeli ambayo dunia inaitaka kwa ajili ya betri za magari ya umeme, chuma ambacho Serikali iliwekea mkataba na wawekezaji Januari 2021. Itakuwa kichekesho kichungu kama tutaipa dunia malighafi ya kuhifadhi umeme wa jua huku sisi tukishindwa kuligeuzia jua paneli.

Ninachodai ni kidogo, na kinaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja wa mkataba. Kwanza, halmashauri isipokee mfumo wa sola bila karatasi ya Kiswahili iliyobandikwa ukutani, ikieleza mwelekeo, mwinamo, unene wa waya na saa ambazo kivuli kinafika. Karatasi hiyo isomwe na muuguzi na mwenyekiti wa kijiji, siyo na mhandisi wa mkoa pekee. Pili, na hili ndilo nitakalolipigania, fedha ya dhamana inayozuiwa baada ya kazi kukamilika isiachiliwe mpaka mfumo uwe umepita Juni moja na Desemba moja. Muda wa matazamio wa miezi sita haumfai mtu wa ikweta. Ukipokea kazi Oktoba na kuachilia fedha Machi, umekagua jua la kusini tu. Mkandarasi anaweza kukudanganya kwa uaminifu kamili, kama karatasi ilivyonidanganya mimi.

EWURA hutoa leseni kwa mafundi wa umeme, na VETA hufundisha. Ningependa kuona fundi anayefanya kazi Ngara akiulizwa swali moja kabla ya kupewa karatasi yoyote: kahawa ya Juni inaanikwa upande gani wa nyumba, na kwa nini?

Paneli ya mama ilishushwa wiki mbili baada ya simu ile. Nilimtuma fundi yuleyule, kijana hodari ambaye kosa halikuwa lake, na nikamlipa nauli na posho ya siku nzima, maana aliyeamuru karatasi ifuatwe ni mimi. Alikata miguu mirefu ya fremu kwa msumeno wa chuma, akailaza mpaka ikawa karibu sawa na bati, uso wake umeegemea Rusumo kidogo. Mama alisimama uani akimwelekeza. Usiku huo taa ziliwaka mpaka saa tano, akazizima mwenyewe.

Kwa wanafunzi wangu mtakaokwenda likizo Ngara, Biharamulo na hata Karagwe kuanzia Julai: jua litakuwa bado kaskazini. Chomekeni mti uani tangu saa sita na nusu mpaka saa saba na nusu, wekeni alama kila dakika tano, mtafute kivuli kifupi. Kisha nendeni kwenye zahanati na shule ya kijiji chenu, muangalie paneli inatazama wapi, imeinama kiasi gani na kivuli cha nini kinaigusa saa ngapi. Andikeni bila kutaja jina la muuguzi wala mwalimu. Mnitumie kabla ya mwisho wa Septemba, jua halijavuka.